Babu Alipohamia Mizanini

Soko huria lilipofika kijijini kwetu Nkololo nilikuwa mtoto, nikadhani ni jina la lori. Wanunuzi wawili wa pamba walihitaji viwanja. Mtendaji wa kata, kwa ari ya maendeleo, akampa mmoja wao pale kilipokuwa kijumba cha masamva, wazee wetu waliokufa: kibanda cha nyasi kilichonifika kiunoni, ambako bibi alikwenda kuongea na marehemu babu. Mgambo walikivunja kwa mateke. Bibi alipolalamika, mtendaji alimweleza kwamba eneo lile halikuwa na mkazi.

"Anaye," bibi alisema. "Na hajahama."

Hakulia. Siku banda la mnunuzi lilipokamilika na mizani kufungwa ndani yake, wakulima wakiwa kwenye foleni na magunia yao, alipita katikati yao, mimi nyuma nimebeba kibuyu. Akapiga magoti, akanyunyiza unga na maji juu ya mizani, akamsalimu babu kwa majina yake yote.

"Vumilia, mzee wangu. Wamekuhamishia kazini."

Foleni ikayeyuka. Hakuna aliyetaka pamba yake ipimwe juu ya chakula cha marehemu, hata wazee wa kanisa. Na tofauti na enzi za ushirika, sasa mnunuzi wa pili alikuwa ng'ambo ya barabara. Ndiyo faida ya ushindani aliyokuwa akituhubiria mtendaji.

Mtendaji akaja nyumbani, akamwita bibi kwa heshima ya mama. "Mayu, serikali haitambui mizimu."

"Basi usiiogope."

"Naomba uiondoe."

Bibi alitaka banda lisogezwe, kijumba kirudi palepale, na aliyeamuru kivunjwe akiezeke mwenyewe, kisha ajitambulishe kwa babu. Mtendaji, mzaliwa wa Migato, hukuhuku kwetu Usukumani, alijua vizuri asichokitambua. Aliezeka mchana kweupe, watu wakimtazama. Akapiga magoti, akajitambulisha kwa cheo. Bibi akamrudisha aanze upya, kwa jina la baba yake; akaanza upya, kisha akaomba radhi.

Alipoinuka alijifuta vumbi magotini. "Wamenisamehe, mayu?"

"Wao, ndiyo," bibi alisema. "Mimi bado."

Bibi alikufa bila kumsamehe. Kwa miaka mingi niliona ule ni ukaidi wa uzee. Nimesoma mengi kuhusu mizimu tangu hapo, na bado sijui kama babu alikuwa mizanini. Ninachojua ni kwamba siku ile mtendaji alimwomba radhi marehemu, kwa ufasaha na mbele ya umati. Mjane wa marehemu alikuwa amesimama palepale kando, naye hakuombwa.