Aliyekuja Nikifumba Macho

Honorine alifua nguo za watu kule mtaa wa Batignolles miaka thelathini, na mikono yake magadi yaliimaliza. Mumewe simtaji, hana faida. Alizaa mtoto mmoja tu, Léocadie, shoga yangu, na mimi ndiye niliyempeleka kwa wachoraji. Basi lawama hiyo ni yangu.

Kazi yetu ilikuwa kukaa tuchorwe. Unakaa saa nne bila kujikuna, bwana anachora, jioni unanunua mkate. Léocadie hakuwa mrembo wa kutisha. Pua ilipinda tangu alipoanguka ngazini na tenga la shuka, na unyusi mmoja ulipanda kuliko wa pili, ungedhani muda wote anakubishia. Na kweli alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Mwaka wake wa mwisho alikaa kwa Bwana Vaudrimont, mchoraji mwenye nishani, ameshika ua na kutazama mbali kama mtu aliyeachwa na mchumba. Februari kifua kikambana. Wiki tatu tu, tukamzika.

Honorine hakuwa na picha yake hata moja. Nani angempiga picha binti wa dobi? Kwa hiyo tangu mazishini alikuwa na neno moja tu.

"Maonyesho ya wachoraji yakifunguliwa Mei, nitamwona mwanangu."

Tulikwenda Jumapili, siku ya kuingia bure. Alivaa kofia ya kuazima. Watu walijaa pomoni, na picha zilipangwa kutoka chini mpaka darini. Akapita mbele ya picha ya Vaudrimont mara mbili bila kusimama. Nikamvuta mkono.

"Mama, ndiye huyu."

"Acha utani wako, Aglaé."

"Gauni hilo hata mimi nimelivaa kwake. Ndiye."

Akatazama mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Pua imenyooka, nyusi zimelingana, ngozi laini kama siagi. Vaudrimont mwenyewe alikuwa hapo karibu, anapongezwa na mabibi wenye manyoya kofiani. Honorine akamwendea moja kwa moja. Nilitamani ardhi inimeze.

"Bwana, mimi ni mama yake Léocadie. Yuko wapi?"

"Si ndiye yule pale, mama," akasema, tena kwa upole, sitamsingizia.

"Yule simjui."

"Nilimrekebisha kidogo tu. Ndivyo tunavyofanya, wote tunawarekebisha."

"Kwani alikuwa na ubaya gani?"

Mabibi wakacheka chini chini. Vaudrimont hakucheka. Akawageukia wageni wake. Nilimchukia siku ile na namchukia mpaka leo. Na Jumatatu nilirudi kwake kukaa nichorwe, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Honorine akarudi kwenye kufua, habari ya picha hakuigusa tena. Baridi ilipoanza nilimkuta ameinamia beseni, hafui, maji yameshapoa.

"Aglaé, wewe ulikuwa naye kila siku. Hebu nieleze alivyokuwa."

Nikamweleza yote niliyoyajua. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nakusikia, mwanangu. Lakini nikifumba macho anakuja yule wa ukutani. Wangu haji tena. Wewe je, unamwona?"

Nikafumba macho, nikamwita shoga yangu. Akaja yule yule wa ukutani.

"Namwona, mama," nikamwambia. "Namwona vizuri kabisa."