Nguo Ambayo Mama Aliishonea Kompyuta

Niliondoka Bunia na begi moja, nikarudi na diploma. Hakuna mjomba aliyenisukuma wala mkubwa aliyeniandikia barua ya kunipendekeza. Huko Kampala nilibeba mizigo ya watu asubuhi na kukaa darasani mchana, miaka mitano, mpaka nikajua kompyuta ndani na nje. Leo diploma hiyo iko ukutani mwa atelier yangu ya kutengeneza kompyuta, ndani ya kioo, mahali ambapo mteja anaiona kabla ya kuniona mimi. Mashine zilizowashinda mafundi wengine wa mji huu huishia mezani kwangu, na nyingi hutoka zikifanya kazi.

Ndiyo maana kompyuta ya nyumbani kwetu, mtaa wa Ngezi, iliniumiza kuliko nyingine yoyote.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeituma, nilipokuwa bado mwanafunzi. Niliifunga ndani ya vipande vya godoro, ikavuka ziwa hadi Kasenyi, ikapanda mlima juu ya gari la samaki. Baba alinisimulia kwamba salon, sebule yetu, ilinuka samaki wiki nzima. Mama aliipokea kama mgeni. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za korali ya kanisa letu, na daftari lake la nyimbo alikuwa akiliweka pembeni ya mashine hiyo, akisema siku moja nitarudi nimwandikie zote vizuri.

Alifariki nikiwa katika mitihani ya mwisho, na njia ilikuwa imefungwa wiki ile. Nilipofika na diploma yangu, majani yalikuwa yameshaota juu ya kaburi. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwonyesha ile karatasi ni yeye.

Mwaka ulipokaribia kutimia, familia ilipanga siku ya kutosha matanga, yaani kuyaondoa, siku ambayo watu huvua huzuni, husali na kula pamoja. Baba, mwalimu mstaafu, aliamua kwamba siku hiyo kila mwanakorali atashika kitabu kidogo chenye nyimbo zote za Mama. Angeziandika yeye mwenyewe kutoka katika daftari, kwa vidole vyake viwili. Mimi sikuwa nimebeba jeneza wala kutupa udongo. Kitabu hicho kilikuwa fungu pekee lililonibakia, na mbele ya familia nzima nilisimama nikasema, “Kompyuta na uchapaji, niachieni mimi.”

Lakini mashine ilikuwa nzito ajabu. Ikiwashwa asubuhi ilienda vizuri robo saa, kisha ikachoka. Baba alikuwa akiandika mstari mzima, halafu anakunja mikono kusubiri herufi zitokee moja moja.

Niliichukua. Prosesa yake ilikuwa ya zamani, nakubali, lakini kuandika maneno si kazi ya kuishinda. Niliondoa virusi, nikaongeza memori, nikasimika programu zote upya. Mezani kwangu ilifanya kazi kutwa nzima bila kusita. Nikairudisha kwa pikipiki, nimeipakata mapajani. Siku mbili baadaye simu ikalia.

“Enjenyeri,” Baba alisema. Jina hilo hunipa akiwa hajaridhika.

“Ndiyo, Papa.”

“Mashine yako imerudilia tabia yake.”

“Kwangu ilikuwa nakimbia, Papa. Niliiangalia siku muzima.”

“Basi iko naogopa diplôme. Leta ile diplôme, tuipachike apa ku ukuta, pengine itaeshimu.”

Niliichukua mara ya pili. Nikafungua feni, nikapangusa vumbi, nikapaka upya ile dawa nyeupe inayopitisha joto la prosesa. Kwangu ilikimbia, kule Ngezi ikalala. Mara ya tatu nikabadilisha diski. Ikawa vilevile. Zilikuwa zimebaki siku kumi na Baba alikuwa bado katika wimbo wa tisa, na daftari lina nyimbo zaidi ya thelathini.

Fundi mwingine angeenda kukaa pale na kutazama. Mimi nilikuwa na kanuni yangu: mashine huja kwangu, mimi siendi kwa mashine. Niliisema kwa sauti kubwa kwa wateja wote, na ni kanuni nzuri. Kwa nyumba ile, hata hivyo, kulikuwa na sababu nyingine. Sikuweza kukaa katika salon ya Mama. Kiti chake kilikuwa bado karibu na dirisha, na mimi nilikuwa nakunywa chai nikiwa nimesimama, nasema nina kazi, natoka.

Siku hiyo sikuwa na njia nyingine; niliingia, nikakaa karibu na mlango.

Baba alisali, akapangusa meza, akafungua daftari, akaingiza kidole ndani ya kitambaa na kuwasha mashine. Hapo ndipo nilipoona kitu nilichokuwa nimekipita kila siku. Kwetu kila chombo cha salon kina kitambaa chake: redio, televisheni, hata termos. Kwa hiyo sikuwahi kukitazama kile cha kompyuta. Hakikuwa kitambaa cha kutupia juu. Kilikuwa nguo. Ya rangi ya bluu, maua mekundu yameshonwa kwa mkono, imepimwa na kubana kasha la mashine, lile lililo kando ya kioo cha kompyuta, pande zote hadi mezani. Mbele ilikuwa na tundu lililozungushiwa uzi, la kupitisha kidole kuwasha, na chini yake tundu la kuchomekea flash. Nyuma, panapotoka pumzi ya mashine, palifungwa kabisa isipokuwa nafasi ya nyaya.

“Papa, ile nguo unaitoshaka wakati gani?”

“Wakati minakupatia mashine. Nguo aitokake inje ya nyumba.”

“Na ukiwa naandika?”

“Inabakia. Mama yako alitobola matundu ju ya nini, kama si ju ya kutumika nayo?”

Nilipeleka kiganja nyuma. Kitambaa kilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Nikamweleza Baba, na mara hii sikutumia maneno ya darasani: prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mashine haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inavuta pumzi yake mwenyewe. Kwangu ilikimbia kwa sababu kwangu ilikuwa uchi.

“Sasa nani alimwambia Mama aifunike hivi?” niliuliza.

Baba aliondoa miwani. “Ni weye.”

Nikakumbuka. Nilikuwa kando ya barabara Kampala, nikimpigia Mama kwa majivuno ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilimwambia vumbi la Bunia linaua mashine, asiiache wazi hata siku moja.

“Alisema, mutoto amekataza isibakie uchi,” Baba aliendelea. “Akakamata metre, akaipima kifua na mabega kama mutu. Siku tatu alikuwa nashona. Kisha asubui anaisalimia: umelala muzuri, mwana wangu? Siye na majirani tulikuwa tunamucheka. Yeye anajibu majirani, mucheke tu, watoto ba kwenu bako apa, wangu iko mbali.”

Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo. Kisha, kwa kuwa fundi hujificha ndani ya kazi, nikasema tunaweza kukata kipande kidogo cha nyuma, ubavuni pia, na nguo itabaki nzuri.

“Akuna makasi itagusa ile nguo,” Baba alijibu.

“Papa, tuko na siku kumi.”

“Minajua kuhesabu. Nilikufundisha mimi.”

Aliweka mkono juu ya mashine. Halafu akasimama, akashika pindo kwa mikono miwili, akaivuta nguo juu polepole kama anayemvua mtoto aliyelala. Akaniwekea mikononi.

“Shika. Nikimaliza kuandika nitairudishia.”

Mahali pa kukaa karibu na meza palikuwa kiti cha Mama tu. Nikakaa. Nguo ilikuwa na joto bado, inanuka vumbi na sabuni. Upande wa ndani uzi ulikuwa umefungwa mafundo madogo madogo, namna alivyokuwa akitengeneza uniform zangu za shule. Niliyahesabu kwa kidole gumba hadi yakapoa. Mezani, robo saa ilipita, kisha nusu, na herufi ziliendelea kutokea palepale zilipobonyezwa. Baba alisimamisha vidole, akatazama kioo.

“Sasa mashine njo iko naningoya miye,” alisema.

Nilikwenda kila asubuhi. Atelier ilifunguliwa nikiwa nimechelewa, wateja walinung'unika, sikujali. Yeye aliandika, mimi nilishika nguo na kusahihisha. Kitabu kilikwisha siku mbili kabla. Nilikichapa mwenyewe, nikakunja, nikabana pini, na nasema wazi kwamba mjini hapa hakuna anayetoa kazi safi kama ile.

Siku ya kutosha matanga korali ilisimama uani. Niliwagawia vitabu. Wamama walivipokea, wakanishukuru, wakaviweka kifuani bila kuvifungua, wakaanza kuimba. Nyimbo za kwanza nilizijua tangu utoto. Kisha zikaja zile alizotunga baada ya mimi kuondoka. Maneno yake nilikuwa nimeyasahihisha herufi kwa herufi, lakini sauti zake sikuzijua hata moja. Nilifuata mistari kwa kidole, nikichelewa, nikipotea, huku watu wazima na watoto walionizunguka wakiimba bila kufikiri.

Mama mmoja wa korali, rafiki wa siku zote wa Mama yangu, alikuwa pembeni yangu. Aliweka mkono juu ya kitabu na kukifunga.

“Wacha kusoma, mwana. Sikiliza kwanza. Mara ya pili utaingia.”

Nikasikiliza. Waliporudia kiitikio niliingia, kwa sauti ya chini, nikakosea. Alinivuta mkono kidogo kuelekea juu, bila kunitazama, nikapandisha sauti.