Mpishi Aliyewaeleza Waheshimiwa Habari za Mvua

Lavonne Kubicek amewapikia watoto wa shule ya Zelenka kwa miaka thelathini na mmoja, na kila Alhamisi ya miaka hiyo amepakua chakula kilekile: supu nzito ya nyama ya kusaga na maharage, na pembeni yake andazi la mdalasini lililookwa asubuhi. Wageni wakiona vitu hivyo viwili kwenye sinia moja hukunja uso. Lavonne huwaonea huruma. Anaamini hawakupata malezi.

Zelenka ina watu mia nne na kumi, na mahindi pande zote. Shule ina wanafunzi sitini na wanne, kuanzia chekechea hadi darasa la mwisho la sekondari. Mwezi Machi muswada ulifika kwenye bunge la jimbo: shule yenye wanafunzi chini ya themanini iunganishwe na ya jirani. Jirani ni Harlow, maili ishirini na mbili, ambako chakula hushushwa kwenye lori kikiwa kimeganda na kupashwa moto na mashine. Lavonne alielewa maana ya mashine hiyo kabla mkuu wa shule hajamaliza kusoma ukurasa wa kwanza.

"Mimi watanihamishia Harlow," alisema mumewe, Emmett, ambaye ni dereva wa basi la shule. "Basi ni basi."

"Ukaendeshe basi la Harlow? Na jioni utarudi kula wapi?"

"Kwani utanifukuza?"

"Sikufukuzi, mzee. Nitakupikia chakula cha Harlow."

Emmett akaupinga muswada tangu jioni hiyo.

Mji ulimchagua Lavonne aende kutoa maoni mbele ya kamati. Mchungaji huongea mno, na mkuu wa shule huogopa. Aliandika hoja zake kwenye kadi tatu: kazi kumi na tisa zitakazopotea, duka litakalokosa wateja, watoto wadogo watakaoamka gizani. Alizisoma jikoni, Emmett akimpimia kwa saa ya kuchemshia mayai. Dakika mbili na nusu. Kila shahidi hupewa tatu.

Kasoro ya zoezi hilo haikuonekana na yeyote. Zelenka mtu haingii kwenye jambo moja kwa moja. Anayekwenda kumwambia jirani kwamba ghala lake linaungua ataanza na mvua. Lakini mke hamsalimii mumewe kwa habari za mvua, kwa hiyo sehemu hiyo haikupimwa.

Mbele ya maseneta saba, taa ya kijani ya kupimia muda ikawaka.

"Hamjambo waheshimiwa," alisema Lavonne. "Naona na nyie huku mmepata kidogo. Sisi Jumapili tulipata sehemu saba za inchi, yaani saba katika kumi. Kwa jirani zetu akina Vondra wanasema inchi nzima, lakini kipimo cha Vondra kiko chini ya mti, kinapokea na matone ya majani. Siyo kwamba tunalalamika. Mwaka juzi wakati kama huu tulikuwa tunakula vumbi."

Taa ya njano ikawaka. Lavonne aliiona, akaharakisha habari za mwaka juzi, na mwaka wa kabla yake, na mvua ya mawe iliyovunja madirisha ya kanisa. Kisha, kwa kuwa ni adabu kuuliza: "Na kwenu, waheshimiwa, mashamba yanasemaje?"

Taa nyekundu. Nyuma, Emmett alijifunika uso kwa kofia.

"Asante, mama," alisema mwenyekiti, Seneta Ostergaard. "Muda umekwisha."

"Lakini sijaanza!"

Ukumbi ukacheka. Lavonne akashika kadi zake tatu asijue azipeleke wapi.

Ila maswali ya maseneta hayapimwi kwa taa, na Ostergaard alikuwa mkulima.

"Hizo sehemu saba, mama, ni kwa kipimo cha nani?"

"Changu, Mheshimiwa. Kiko uwanjani. Hakuna mti."

"Basi barabara ya Harlow ilikuwaje?"

"Haikuwepo."

"Haikuwepo?"

"Ule udongo ukinywa nusu inchi, barabara inaondoka. Jumatatu mzee wangu, huyo pale mwenye kofia usoni, alizama maili ya sita akiwapeleka watoto kumi na mmoja kwenye mchezo wa mpira wa kikapu. Walivutwa na trekta la Vondra. Kipimo chake kibovu, lakini trekta lake zima."

"Watoto walikaa humo muda gani?"

"Saa tatu. Nilikuwa nimewafungia maandazi."

Seneta mmoja wa mjini aliuliza kwa nini wasiweke lami.

"Mheshimiwa, nilianza kuiomba hiyo lami nikiwa bibi harusi. Sasa nina wajukuu."

Kadi hazikusomwa. Aprili muswada ulipita na kifungu kipya: shule haitaunganishwa na nyingine mpaka barabara kati yao iwe na lami mwanzo hadi mwisho.

Zelenka ilisherehekea siku mbili. Siku ya tatu mtu alikumbuka lile ombi la lami lililobandikwa dukani miaka mingi, lenye sahihi za watu mia tatu. Lavonne, ambaye sahihi yake ndiyo ya kwanza, alikwenda kulibandua mwenyewe.

Septemba, siku ya Alhamisi, mhandisi wa barabara alifika kutoka makao makuu ya jimbo. Lavonne alimkalisha na kumpakulia.

"Hii barabara mnaionaje?" aliuliza mhandisi, kalamu mkononi.

"Siyo mbaya sana."

"Nimesoma kwamba basi lilizama."

"Lilipumzika tu. Ongeza andazi, baba. Kwenu mmepata mvua?"

Alimweleza habari za mvua kwa dakika arobaini. Alipofika kwenye habari ya madirisha ya kanisa, nje ilianza kunyesha ya kweli. Mhandisi aliangalia saa, akaaga, akaondoka kuelekea Harlow.

Lavonne alisimama dirishani akihesabu maili. Kisha alichukua simu.

"Vondra? Washa trekta. Yuko maili ya sita, au atakuwepo sasa hivi. Mvute upesi, kaka, kabla hajaanza kuandika."