Kamba Iliyovuta Ukuta

Nakumbuka siku moja kule Sericho, mwanangu. Ulikuwa ukame mbaya. Guyo, mume wangu, alikuwa ndani ya kisima cha mchanga akituchotea maji ya mifugo, mara ukingo ukabomoka ukamfukia hadi magotini.

Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Tulimtupia kamba, akajifunga kwapani, mwisho wa pili tukaufunga kwa ngamia dume, nami nikashika fimbo. Dume alivuta kwa nguvu zake zote, lakini Guyo hakupanda hata kidogo. Kamba ilikuwa imezama kwenye ukingo, inambana ukutani, na kila tulipovuta mchanga mwingine ulimmwagikia. Ulimfika kiunoni. Mimi, kwa hofu, nikazidi kuchapa.

Mama mkwe wangu akaninyang'anya fimbo. "Wewe, simamisha hiyo ngamia! Unazika yeye!"

"Lakini tunamvuta, mama!"

"Mnavuta ukuta. Yeye anataka kuja juu. Leteni mti."

Tukalaza mti mrefu katikati ya mdomo wa kisima, ncha zake zikakaa mbali kwenye ardhi ngumu, tukapitisha kamba juu yake. Guyo akafukua mchanga mapajani kwa mikono. Sasa kamba ilishuka wima. Dume akaambiwa aende polepole. Niliogopa kuchungulia, nikafumba macho kabisa, na nilipoyafumbua nikaona nywele zake zimejaa mchanga, halafu uso, halafu mabega. Nililia kama mtoto, wala sioni haya kusema.

Juzi ulininunia ukisema fizikia ni katili: mtu asukume ukuta hadi azimie, halafu mwalimu aseme kazi ni sifuri kwa sababu ukuta haukusogea. Mwalimu wako hajakosea. Kazi ni nguvu uliyotia mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa nguvu hiyo. Jasho halimo kwenye hesabu. Mimi nimeiona hiyo sifuri yenu, mwanangu, ilikuwa inanitazama kutoka kisimani kwa macho ya Guyo.

Basi hofu ikikushika, usikimbilie kuvuta. Jiulize kwanza unataka kitu kiende wapi, ndipo utie nguvu upande huo. Mwenyezi Mungu akupe nguvu na akuonyeshe pa kuielekeza, na asikuache hata siku moja umzike unayempenda ukidhani unamwokoa. Amin.