Msafiri wa Darasa la Tatu

Harufu ya kitabu kipya imenipata leo nikiwa hoi, nikiwasomea wanafunzi wangu hadithi ya safari. Imenirudisha Kishapu, darasa la tatu, siku mwalimu wetu alipotusomea habari za kobe aliyekwenda mbali kisha akarudi kwao.

"Nani kwao kuna msafiri?" akauliza.

Mwenzangu wa dawati akasimama. "Baba alikwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu. Shimo likamfukia."

Mwalimu akafunga kitabu, akaja akachuchumaa mbele yake. "Basi mwanangu, tusimulie wewe baba anavyorudi."

Mwenzangu akafikiri sana. "Amekuja na baiskeli," akasema. "Amechoka. Mama amempa maji, sasa amelala. Msimwamshe."

Kengele ilipolia, tulitoka darasani tukinyata.