Koti la Baba Lililogeuzwa Lukole

Nilikwenda Lukole, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa sababu ya koti. Wiki mbili kabla ya ndoa ya dada yangu Veneranda, Baba alitangaza kuwa hatamsindikiza kanisani. Koti lake la pekee, la sufu ya buluu, alilolinunua kwenye mitumba, lilikuwa limepauka mabegani likawa rangi ya majivu.

"Mjomba wenu ana suti," alisema. "Ampeleke yeye."

Veneranda alilia siku nzima. Mimi, mdogo wake wa kike, nikalichukua koti bila kuomba ruhusa.

Alfajiri niliondoka kijijini kwetu Kaniha, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Nyakanazi nikinywa chai. Miaka ile ya wakimbizi magari yalisubiriana pale yaende kwa msafara na askari, kwa kuogopa majambazi. Nilipata nafasi juu ya lori la mahindi. Mama mmoja aliyeketi kwenye magunia aliniuliza ninakumbatia nini.

"Wewe unapeleka koti kwa wakimbizi?" alicheka. "Wenzio nguo wanazitoa huko."

Nililikumbatia zaidi. Asiyejua maana haambiwi maana.

Alasiri tuliingia Lukole: moshi, maturubai mpaka macho yanachoka, na soko lililochangamka kuliko letu la nyumbani. Wauza mitumba walikuwa wamenitajia Fundi Leonidas, Mrundi wa makamo, na sikupata taabu kumwona cherehanini kwake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Rete hiro koti."

Alilipindua, akachungulia ndani chini ya bitana. "Rimechoka upande mmoja tu. Huu mwingine haujaona jua."

Kazi hiyo waliiita kugeuza. Alifumua kila mshono kwa wembe, na uzi uliokuwa bado mzima akauzungushia kijiti. Vipande vilifuliwa, vikapigwa pasi ya mkaa, kisha vikashonwa upya, ndani kukawa nje. Usiku mbili nililazwa kwao, pamoja na mkewe, chini ya blanketi lililoungwa kwa mabaki ya suruali za watu. Nililisifia.

"Tulikuja na tulichovaa tu," alisema mke wa Fundi. "Ukifika hivyo, hutupi kitu."

Siku ya tatu asubuhi koti lilikuwa buluu tena. Lakini nilipolitazama vizuri, mfuko wa kifuani ulikuwa upande wa kulia.

"Fundi, mfuko huu!"

"Nguo ikigeuzwa, kushoto kunakuwa kuria. Matundu ya vifungo nimeyaziba, nikatoboa mengine. Mfuko nikiutoa, kovu ritabaki. Mwambie baba yako asione haya."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hofu. Baba alikuwa mtu wa haya kuliko wote Kaniha.

Jioni nilimkabidhi. Alilivaa, mkono ukaenda kifuani kushoto kutafuta mahali pa leso, ukapapasa.

"Mfuko uko wapi?"

"Umehamia kulia, Baba. Limegeuzwa."

Veneranda alisimama mlangoni, ameshika khanga yake kwa mikono miwili. Baba aliupapasa ule mfuko wa kulia.

"Kumbe lile koti la katekista lenye mfuko kulia nalo limegeuzwa," alisema hatimaye. "Miaka yote nilidhani ana shoto."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi ya ndoa alimwingiza Veneranda kanisani. Alimshika kwa mkono wa kushoto, kifua mbele, na mfuko wa kulia watu wakauona. Nilitazama mabenchi ya wanaume, nikahesabu mifuko ya kulia mingine minne. Nilikuwa nasali nao tangu utotoni na sikuwahi kuiona.

Siku hizi nguo ikipauka kidogo tunaitupa jalalani, na mafundi wa kugeuza sijui wako wapi. Mimi kabla sijatupa hupindua kwanza. Hilo nililipata Lukole, na nakumbuka miaka ile kwa upendo, ingawa ilikuwa migumu.

Nilirudi huko baadaye. Kambi ilikuwa imefungwa, watu wamerejea kwao, majani yameota palipokuwa na soko. Sikuwa na kazi ya kumpa Fundi. Nilitaka tu kumwambia kwamba Baba aliingia nalo kanisani.