Bajia Katika Jarida la Kiitaliano

Jirani yangu wa Brooklyn Center, mzee wa Kiitaliano, alipohamia nyumba ya wazee huko Inver Grove Heights, aliniachia sanduku la majarida katika duka langu la vitafunio. Mpwa wake angekuja kutoka Milano kuyachukua. Wanawe, waliozaliwa huku, hawasomi Kiitaliano, na aliogopa wangeyatupa.

Yote yalikuwa matoleo ya jarida moja la watu wa mrengo wa kushoto, la mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kurasa zake pana kama za gazeti: shairi hapa, mgomo wa kiwandani pale. Lilibandikwa hata kwenye kuta za mitaani ili asiye na kitu asome bure. Baadaye chama chao kikataka washairi nao wafuate amri; wenye jarida wakakataa, jarida likafa. Baba wa mzee, fundi wa mashine, aliandika humo makala moja tu maishani mwake. Sanduku zima lilitunzwa kwa ajili ya hiyo.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, akawa ananisaidia kuuza dukani. Kwetu, gazeti likishasomwa ni la kufungia bajia. Ijumaa moja nilirudi kutoka msikitini nikakuta wateja wameshaondoka na bajia zao.

"Mama, karatasi umezitoa wapi?"

"Si hayo magazeti makuukuu ya sandukuni? Nani atayasoma?"

Nilikasirika, lakini mama hagombwi. Nikapekua sanduku. Majarida mengi yalikuwamo. Makala ya fundi haikuwamo.

Nilimwendea mzee nikamweleza yote, hata habari ya bajia. Nilidhani atacheka kidogo. Wapi!

"Mafashisti walichoma maandishi yetu," alisema, "lakini kwanza waliyasoma."

Akageukia dirishani. Niliona haya, nikatoka.

Mama aliposikia, alivaa buibui lake. "Nipeleke. Kosa ni langu."

Aliketi karibu na mzee, akamwomba radhi, nami nikitafsiri. Mzee aliitika kwa kichwa tu. Kisha Mama akasema, "Mwambie anisimulie alichoandika babake. Karatasi imepotea, lakini maneno si anayo?"

Nilitafsiri. Mzee alitazama mikono yake.

"Sikuwahi kuisoma mpaka mwisho," alisema. "Niliitunza tu."